PCM, diploma au karakana: njia ipi ya kuwa mhandisi wa elektroniki ukiwa Dodoma?

Nala_Juu: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza kidato cha nne, fizikia na hesabu ana B. Anataka elektroniki, siyo kufunga umeme majumbani. Tunapima njia tatu: PCM (kidato cha tano na sita kwa fizikia, kemia na hesabu) kisha chuo kikuu, diploma, au akae kwa fundi pale Majengo. Mnashaurije?

mita_nyekundu: Hesabu miaka kwanza. PCM miaka 2 na digrii 4, jumla 6. Diploma 3 na digrii 4, jumla 7. Anapoteza mwaka mmoja, lakini mwaka wa tatu tayari ana cheti cha kuombea kazi, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi husajili pia mafundi sanifu. Akiteleza kidato cha sita, anarudi nyumbani bila ujuzi wowote mkononi. Mfuko ukiwa mwepesi, mimi nasema diploma. Ila GPA (wastani wa alama za diploma) isishuke chini ya 3.0, maana hapo ndipo wengi hukwama wakiomba digrii.

Kilimani_7: Tena msichanganye majina. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), pale CIVE, ndaki yao ya kompyuta na mawasiliano, kuna uhandisi wa mawasiliano ya simu na wa kompyuta. Digrii yenye jina la uhandisi wa elektroniki iko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM). Diploma ya elektroniki na mawasiliano mtaipata DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo cha Ufundi Arusha, kwa hiyo wekeni bajeti ya pango na nauli. Jina lisiwatishe, angalieni kama mtaala una saketi za analogia, za dijitali na mikrokontrola (chipu ndogo za kuprogramu).

fundi_saketi: Karakana haitoshi peke yake, lakini asiiruke. Likizo zote akae mezani na multimita, pasi ya kuchomea risasi ya wati 60 yenye kurekebisha joto, risasi ya 60/40 (bati 60, risasi 40) na flaksi ya kusaidia risasi ishike. Aongeze balbu ya nyuzi ya wati 100, aifunge mfululizo na bodi ya saketi anayoijaribu. Bodi ikiwa na shoti, balbu itawaka kwa nguvu na kuzuia mkondo. Bila hiyo, mosfeti (transista ya kuwasha na kuzima umeme) mpya inalipuka papo hapo. Balbu ya LED haifanyi kazi hiyo.

Na hili azingatie sana: umeme wa volti 230 ukishapita kwenye daraja la dayodi linaloufanya uwe DC, kapasita kubwa ya kuhifadhi chaji inajaa hadi volti 325 hivi, na inaweza kubaki nazo hata plagi ikiwa imechomolewa. Aimwage kwa rezista ya kilo-omu 2.2, wati 5, kisha apime. Asitumie bisibisi!

Kwa huku kwetu, tatizo kubwa ni vumbi. Linaziba feni za inveta, na mvua za kwanza zikija linashika unyevu na kupitisha umeme kati ya njia za bodi. Asafishe kwa brashi na spiriti kabla ya kubadilisha kifaa chochote.

Mama_Kisasa: Chuo chochote atakachokwenda, awe na mradi wake. Kipimo cha maji ya simtanki kinafaa sana hapa mjini. Mikrokontrola ya ESP32 inataka volti 3.3, kihisi cha umbali cha HC-SR04 kinarudisha 5, kwa hiyo agawanye kwa rezista za kilo-omu 1 na 2. Akiongeza SIM800L, moduli ya laini ya simu ya kutuma meseji, ajue inavuta hadi ampea 2 kwa mkupuo. Chaja dhaifu inafanya izime na kuwaka, naye anahangaika na msimbo wa programu bure. Aipe volti 4, na kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na pini.

mita_nyekundu: Dada umesema kweli. Nyongeza: digrii haimalizi safari. Kuna usajili wa mhandisi mhitimu, halafu SEAP, mafunzo kazini ya wahandisi wahitimu, ya miaka 3 chini ya msimamizi, na kazi zote zinaandikwa kwenye daftari. Aliyeishia karakana hafiki hapo, hata awe fundi hodari kiasi gani.

Nala_Juu: Nashukuru sana. Basi tunaomba DIT na Arusha kwa pamoja, likizo Majengo. Osiloskopu, ile ya kuonyesha mawimbi ya umeme, anunue sasa?

fundi_saketi: Bado. Atumie ya chuo hadi aanze saketi za kubadili umeme kwa kasi. Hela hiyo anunue multimita yenye fyuzi ya kweli upande wa ampea.