Ratiba ngumu kabla ya mchujo: inawajenga au inawavunja wasichana wa kikapu wa sekondari?

Mama_Dallas ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Binti yangu anachezea timu ya wasichana ya mpira wa kikapu katika sekondari ya umma hapa kaskazini mwa Texas. Msimu huu kocha wao amejaza miezi ya Novemba na Desemba kwa mechi dhidi ya timu ambazo kila mwaka hutajwa kuwania ubingwa wa jimbo. Wamefungwa mara nyingi kuliko walivyoshinda, na baadhi ya vipigo vimepita tofauti ya pointi 30. Kocha anatuambia wazazi tuwe na subira, kwa kuwa haya yote ni maandalizi ya mechi za wilaya na za mchujo; wazazi wengine wanasema watoto wanakatishwa tamaa bure, na kwamba msichana aliyezoea kufungwa huingia uwanjani akiwa amekwisha kushindwa. Nawaomba wenye uzoefu, hasa waliowahi kufundisha, waniambie kama ratiba ya namna hii huisaidia timu kweli, au ni maneno ya makocha ya kujikinga na lawama.

Kocha_Msaidizi_Houston amejibu:

Shikamoo mama. Kwanza tuangalie hizo mechi zinagharimu nini. Katika shule za umma za Texas, nafasi ya kuingia mchujo hupatikana kwa msimamo wa wilaya ya michezo, yaani kundi la shule zinazocheza zenyewe kwa zenyewe, ambapo timu nne za juu ndizo zinazosonga mbele. Mechi za kabla ya wilaya hazihesabiwi katika msimamo huo, kwa hiyo kipigo cha Novemba, hata kiwe kizito namna gani, hakimwondoi mtu mashindanoni. Kocha wa binti yako anatumia muda ambao sheria zenyewe zimemruhusu kushindwa, na katika hilo simlaumu.

Faida yake utaiona zaidi timu inapobanwa uwanja mzima. Ikicheza na wapinzani dhaifu, mchezeshaji wetu, yule msichana anayeongoza mashambulizi, huweza kupanda na mpira akiwa ameinamisha macho, akisimama karibu na mstari wa pembeni, kisha akarusha pasi ya juu inayoelea hadi upande wa pili, na bado mpira ukafika. Akikutana na timu kali, mabinti wawili humfungia kwenye kona ileile aliyoichagua mwenyewe, sekunde 10 za kuvuka nusu ya uwanja zinayoyoma, na ile pasi inayoelea inanyakuliwa na kurudi kuwa kikapu kabla hajageuka. Kosa hilo nimelisema mazoezini mpaka sauti ikakauka, na wasichana wananisikiliza kwa adabu tu. Wakishaporwa mpira mara kadhaa ndani ya robo moja, kesho yake wao ndio wanaokuja kuuliza wasimame wapi.

Hata hivyo, mechi ya tofauti ya pointi 30 hufundisha hadi mapumziko tu. Baada ya hapo mpinzani huwapumzisha nyota wake na kuacha kubana, na katika majimbo kadhaa saa huachwa ikimbie bila kusimamishwa tofauti ikifika kiwango kilichowekwa. Mimi ningetaka wapinzani wengi wawe wale wanaotuzidi kidogo, ambao mechi yao inaamuliwa dakika nne za mwisho, na wababe wa jimbo wawe wachache. Ratiba yenye wababe watupu inampa kocha sifa ya ujasiri, lakini sidhani kama inawapa wasichana mengi.

Mpenzi_wa_Kikapu_LA amejibu:

Naongezea kutoka California, ambako hesabu ni nyingine. Katika kanda yetu ya kusini, timu hupangwa kwenye madaraja ya mchujo kwa nguvu zake, na nguvu hizo hupimwa pia kwa ubora wa wapinzani uliocheza nao. Ratiba ngumu inaweza kukupandisha hadi daraja ambalo utatolewa mapema, wakati jirani yako aliyecheza na wepesi anachukua kombe daraja la chini. Kwa ngazi ya jimbo, daraja la wazi, lisiloangalia ukubwa wa shule, lilianza mwaka 2013. Mwaka 2023 na 2024 fainali ya wasichana ya daraja hilo iliwakutanisha shule za Etiwanda na Archbishop Mitty, na Etiwanda wakashinda zote mbili.

Ninazitaja timu hizo kwa sababu watu hupenda kusema, "Waone mabingwa, wanacheza na wakali mwaka mzima." Ni kweli, lakini wanacheza na wakali kwa kuwa wao wenyewe ni wakali na hualikwa kwenye mashindano makubwa ya Desemba yanayokusanya timu za majimbo mbalimbali. Kuiga ratiba yao bila kuwa na wachezaji wao hakutakupa matokeo yao. Ndiyo maana siamini ulinganisho wowote wa mabingwa na wasio mabingwa unaotaka kuthibitisha kwamba ratiba ndiyo iliyoleta kombe.

Mtaalamu_wa_Viungo amejibu:

Kuna jambo ambalo makocha hulipita haraka. Mashindano hayo ya Desemba mara nyingi huwa na mechi kadhaa ndani ya siku tatu, na wakati mwingine mbili kwa siku moja. Katika mpira wa kikapu, wasichana huchanika ile ligamenti ya mbele ya goti kwa kiwango kinachozidi mara mbili cha wavulana, na nyingi ya ajali hizo hutokea mchezaji anapotua kutoka hewani au anapokata kona ghafla, bila kuguswa na mtu. Dhidi ya timu kali, kocha aliyebanwa huogopa kutazama benchi, hivyo wasichana walewale sita au saba hugawana karibu dakika zote 32 za mechi. Waliobaki husafiri, huvaa jezi, hushangilia na kurudi nyumbani bila kujifunza lolote. Kwao hiyo si ratiba ngumu, ni ratiba ya kutazama.

Mwalimu_wa_Michezo_Kwale amejibu:

Huku Kenya sisi tungetamani kulalamika hivyo. Mpira wa kikapu wa shule huchezwa muhula wa kwanza kwa mtoano wa ngazi kwa ngazi, kutoka kaunti ndogo hadi taifa, wala hakuna msimu mrefu wa kupoteza mechi na kujisahihisha. Timu bora ya kaunti inaweza kupita ngazi za chini bila kutoka jasho, kisha ikakutana na ushindani wa kweli kwa mara ya kwanza kwenye fainali za taifa, ambako kipigo kimoja au viwili vinakurudisha nyumbani. Mechi za kirafiki zinategemea nauli. Mama, binti yako kupigwa Novemba kisha akapewa Januari ya kurekebisha ni bahati.

Mama_Dallas ameandika:

Nashukuru sana. Sasa nina swali dogo: nitajuaje kama kocha wetu anavitumia vipigo hivyo au anavihesabu tu?

Kocha_Msaidizi_Houston amejibu:

Mama, usimwulize kocha, mwulize binti. Mechi huwa Jumanne na Ijumaa. Jumatano jioni mwulize leo mazoezini wamefanya nini. Akikwambia walirudia namna ya kutoka kwenye ule mtego wa kona uliowaumiza jana, nani asimame katikati na nani akimbilie mbele, basi ratiba inafanya kazi yake. Akikwambia walikimbizwa mistari kwa sababu ya kufungwa, hapo wazazi mna haki ya kuomba kikao.