Bunge moja na mabunge mawili, tofauti yake hasa ni nini?

kinda_la_siasa: Wakuu salama? Hivi hizi nchi zenye mabunge mawili, wabunge huku maseneta kule, zinafaidika nini kuliko zenye bunge moja? Mi naona ni posho mara mbili tu na muswada kuzungushwa. Mwenye kujua anidadavulie.

Mzee wa Hoja: Posho ipo kweli mkuu, lakini sababu sio hiyo. Cheki Marekani, viti 435 vya baraza la chini vinagawanywa kwa idadi ya watu, California ina wabunge zaidi ya 50 na Wyoming mmoja tu, afu ukija Seneti kila jimbo linatoa wawili, hao hao Wyoming wanalingana na California. Bila hivyo vijimbo vidogo visingekubali katiba ile ya 1787. Nchi isiyo na majimbo ya namna hiyo lazima ijiulize baraza la pili linamwakilisha nani, Denmark walilifuta 1953, Uswidi wako na moja tangu 1971 na maisha yanaendelea.

bi_maswali: Uliza pia lina meno kiasi gani. Uingereza wale Malodi wa baraza la juu wakigomea muswada wanauchelewesha kama mwaka hivi, wa fedha mwezi mmoja tu, baada ya hapo unapita watake wasitake. Italia ndo balaa, mabaraza yote mawili yana nguvu sawa, ukigusa hata mkato upande huu muswada unarudi upande ule. Waziri mkuu wao Renzi alitaka kuipunguza nguvu Seneti, 2016 wananchi wakamkatalia kwenye kura ya maoni akaachia ngazi.

Kalamu Nyekundu: Mmeisahau Nebraska, jimbo pekee Marekani lenye baraza moja, tangu 1937. Norris aliyelipigia debe wazo hilo alikuwa anakerwa na kamati ya maridhiano, yaani mabaraza yakivutana watu wachache wanajifungia chumbani wanatoka na muswada mwingine, wengine mnaambiwa kubali au kataa na hujui nani kachomeka nini. Wao breki wameziweka humo humo ndani, kila muswada unasikilizwa hadharani kwanza halafu unapigiwa kura raundi tatu.

kinda_la_siasa: Aisee. Kwa hiyo Kenya kuifuta Seneti miaka ya 60 halafu katiba ya 2010 kuirudisha, ni mambo ya kaunti?

Mzee wa Hoja: Hapo hapo. Na ndo maana muswada usiogusa kaunti unaishia Bunge la Taifa, Seneti hauendi kabisa.