Kompyuta imeungua, wao wananijibu niiwashe kwanza

Mpigabesi (mleta uzi):

Wakuu, salamu. Naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, kwa hiyo mnivumilie. Ile kampuni ya plagini, yaani programu ndogo za kusafisha na kupamba sauti zinazopachikwa ndani ya programu ya kurekodi, sina haja ya kuitaja, kwa sababu kila aliyewahi kusafisha sauti ya mwimbaji humu ndani anaijua, na wengi wenu mmeshailaani mara nyingi kuliko mlivyowahi kuisifia. Leo imejibu barua pepe yangu, na jibu lenyewe ni hili: "Tafadhali washa kompyuta yako ya zamani, fungua programu yetu, kisha bonyeza kitufe cha kuondoa usajili."

Kompyuta ya zamani imeungua. Haikupunguza kasi, haikupata virusi, haikusahau nywila, imeungua. Bodi kuu imepasuka karibu na pale umeme unapoingilia, kapasita zimevimba vichwa na kutoa maji ya kahawia, na harufu ya plastiki ilijaa chumbani hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini. Yote hayo niliyaandika katika sentensi ya kwanza ya barua yangu, nikaambatisha na picha ya bodi niliyoipiga kwa karibu kabisa, doa jeusi likiwa katikati, ili hata asiyejua kusoma aelewe. Wakajibu: "Asante kwa picha." Kisha, katika aya iyo hiyo, wakaniambia niiwashe.

Naomba ieleweke kwamba kuhama kwenyewe hakukunishinda. Diski ilikuwa nzima, nikaichomoa, nikaitia kwenye kasha la nje na kunakili miradi yote. Kiolesura cha sauti, kile kifaa cha kuunganisha maikrofoni na kompyuta, kiligoma mwanzoni kwa kuwa draiva yake ilikuwa ya zamani, nikapakua mpya, kikakubali. Sampula, programu inayopiga sauti za vyombo zilizorekodiwa, ililalamika kwamba haizioni ngoma wala vinanda kwa sababu diski iliyokuwa E sasa inaitwa F, nikaionyesha folda moja baada ya nyingine mpaka vyombo vyote vikarudi. Kazi hizo zinachosha, lakini ukizikalia zinaisha, na hakuna anayekudharau wakati ukizifanya.

Ndipo nikafungua albamu ya kwaya ninayoichanganya sasa. Kila nafasi iliyokuwa na kompresa (plagini ya kutuliza sauti inayopanda na kushuka) au mwangwi wa kampuni hiyo imegeuka kijivu na kuwekewa alama ya kufuli. Nikabonyeza kitufe cha kucheza, sauti ya kiongozi wa kwaya ikatoka tupu, pumzi zote zinasikika, na hata ule mlio wa kiti nilioufukia zamani umefufuka mbele kabisa ya beti la pili. Leseni yangu, niliyoilipia kwa fedha zangu, inaruhusu kompyuta 2. Nafasi moja imechukuliwa na laptopu ninayorekodia nje, na ya pili inashikiliwa na mashine iliyoungua. Kunitaka niiwashe ili iachie nafasi ni sawa na kumwambia aliyefiwa amlete marehemu kutia saini.

Chini ya barua, baada ya kuniambia niiwashe, wameniomba niipime huduma yao kwa nyota kuanzia 1 hadi 5. Nauliza tena, mbele yenu wote: niwashe nini? Waliiona picha. Waliishukuru picha!

Sauti_Kuu:

Pole sana, mkuu. Hao ni walewale, wala hawajabadilika. Mimi walinidai risiti, nikawapa. Wakasema jina kwenye risiti limeandikwa kwa herufi kubwa na kwenye akaunti kwa herufi ndogo, kwa hiyo hawawezi kuthibitisha kwamba huyo ni mtu mmoja. Naamini wana chumba maalumu wanakofundishana kutosoma barua za wateja, na anayehitimu kwa alama za juu ndiye anayepewa zamu ya kujibu.

KinandaCheusi:

Mleta mada, wewe mwenyewe unajiita mtayarishaji wa muziki, halafu miradi ya wateja inategemea plagini ambazo hujazichapisha kuwa sauti? Traki moja ya mono katika biti 24 na kilohezi 48 inakula takribani megabaiti 8.6 kwa dakika, na wimbo wa dakika 4 wenye traki 40 haufiki hata gigabaiti 1.5. Ungezitoa traki zote zikiwa na athari zake, ukazihifadhi kwenye diski ya pembeni, leo usingekuwa unawalilia watu kuhusu kapasita. Kuna watu humu wanamiliki maikrofoni nzuri kuliko akili zao.

Mpigabesi:

KinandaCheusi, mafaili yote ninayo na hakuna hata noti moja niliyoipoteza, kwa hiyo somo lako la diski limfikie anayelihitaji. Miksi ambayo bado inafanyiwa kazi haichapishwi na kusahauliwa. Kiongozi wa kwaya akitaka sauti ya pili ishuke na mwangwi upungue, nahitaji kompresa iliyo hai, si faili lililogandishwa. Na kompyuta haitumi taarifa ya wiki mbili kabla ya kuungua. Mimi nazungumzia jambo moja: nimewatumia picha ya bodi iliyopasuka, wamesema asante, kisha wamenitaka niiwashe. Hilo unalitetea?

FundiMitambo:

Niwaeleze jinsi mambo haya yanavyokwenda, kwa sababu ukijua utakasirika zaidi. Programu za namna hiyo kwa kawaida huunda utambulisho wa mashine kutokana na vitu kama bodi kuu, kadi ya mtandao na diski, kisha utambulisho huo hupelekwa kwenye seva na kuhesabiwa kuwa nafasi moja iliyotumika. Ndiyo maana hata ukiihamisha diski ileile kwenye bodi nyingine, seva inakuona mgeni. Lakini rekodi ya nafasi hiyo imo kwenye seva yao, si kwenye bodi iliyoungua, na mhudumu anaweza kuifuta akiwa amekaa kitini pake. Barua uliyotumiwa ni maelezo yaliyotungwa kwa ajili ya mtu ambaye kompyuta yake bado inawaka, na aliyekujibu ameyabandika bila kuyatazama.

Wapo wanaolifanya jambo hili vizuri. Steinberg walianza kuachana na kile kifaa cha USB cha leseni mwaka 2022, programu yao ya kurekodi Cubase 12 ilipotoka, na sasa leseni moja inaruhusiwa kwenye kompyuta 3 za mtumiaji mmoja. Ukienda upande wa REAPER, programu nyingine ya kurekodi, leseni ni faili dogo tu unalolinakili kwenye mashine mpya. Hakuna anayeombwa kufufua chochote.

Mpigabesi:

Akiwa amekaa kitini pake! Yaani kitufe anacho yeye, kipo mbele ya macho yake, halafu ananiagiza mimi nikabonyeze kitufe ambacho kimeungua pamoja na kioo chake! Na mkono huohuo ndio ulioandika "asante kwa picha".

Sauti_Kuu:

Mpe nyota zote 5, labda atapata aibu.

Tarumbeta77:

Ndugu zangu, nyinyi mnalilia leseni, mimi nalilia plagini zenyewe. Nilikaa na Mac yangu ya zamani bila kugusa toleo la mfumo kwa sababu kila kitu kilikuwa kinafanya kazi, kisha mashine ikachoka na nikanunua mpya. Kumbe tangu macOS Catalina ya mwaka 2019, programu zote za biti 32 zilishafukuzwa. Synthi (kinanda cha programu) niliyoipigia besi katika karibu kila wimbo wangu ni ya biti 32, na aliyeitengeneza alikwishaacha kuiendeleza. Nikadhani Rosetta 2, kitafsiri cha Apple cha programu za chipu za Intel, itaniokoa, kwa kuwa mashine mpya ina chipu za Apple zilizoanza kuuzwa mwaka 2020, lakini Rosetta inatafsiri programu za Intel za biti 64 tu. Mpigabesi, wewe una mtu wa kumtukana. Mimi sina hata wa kumwandikia.

FundiMitambo:

Hilo nalo linaumiza, tena hata plagini iliyosasishwa haikuhakikishii usalama. Mradi uliotumia toleo la VST2 (umbo la zamani la plagini) hauitambui VST3 (umbo jipya) ya plagini ileile mpaka mtengenezaji awe ameandaa daraja kati ya hizo mbili na programu yako ya kurekodi iwe inalikubali. Pasipo hivyo nafasi inabaki tupu, na mipangilio yako yote unaianza upya kwa kusikiliza na kukisia. VST3 ipo tangu mwaka 2008, na bado mpaka leo watu wanahama na kukuta hawana kitu.

MamaMiksi:

Wanangu, nyamazeni kidogo mnisikilize mimi. Kiolesura changu ni cha FireWire, ule waya wa zamani wa kuunganishia vifaa, chenye vikuza sauti 8 ambavyo sijasikia mfano wake katika vifaa vipya vya bei ninayoimudu. Kompyuta mpya haina tundu la FireWire, basi nikatafuta kiunganishi cha kutoka Thunderbolt 3 kwenda Thunderbolt 2, nikakichomekea kingine cha kutoka Thunderbolt 2 kwenda FireWire, na mnyororo ule ukafanya kazi vizuri kabisa. Nikarekodi, nikamshukuru Mungu. Kisha nikakubali sasisho la macOS Tahoe la mwaka 2025, na Apple wameiondoa FireWire moja kwa moja kwenye mfumo. Kifaa ni kizima. Taa zake zote zinawaka, vinundu vinazunguka, na kompyuta inakitazama bila kukiona. Cha kwenu kimeungua, mnazika mnaendelea. Mimi nimelazimishwa kuzika kilicho hai.

KinandaCheusi:

Haya ndiyo malipo ya kumfuata mtengenezaji anayewachagulia mpaka waya wa kuchomeka. Hamieni Windows, mpumzike.

BitiNzito:

Apumzike nani, KinandaCheusi? Nina laptopu mpya ya Windows yenye nguvu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na inakwaruza sauti hata nikicheza traki ya gitaa moja. Nimeweka bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya sampuli 128, ambayo katika kilohezi 44.1 ni takribani milisekunde 3 tu, ikakwaruza. Nimepandisha hadi 512, bado inakwaruza, na hapo mwimbaji anajisikia kwa kuchelewa kwenye hedifoni na kuniuliza kama nimelewa. Nimezima usimamizi wa umeme wa kuokoa betri, nimebadilisha draiva ya ASIO inayounganisha programu na kiolesura, na mwishowe nimegundua kwamba mvurugaji ni draiva ya Wi-Fi inayoikatiza prosesa kila mara. Nikizima Wi-Fi, sauti inakuwa safi. Lakini nikizima Wi-Fi, ile kampuni yenu pendwa inakosa intaneti ya kuthibitishia leseni na inafunga plagini zake. Kwa hiyo nachagua kati ya sauti safi isiyo na kompresa na kompresa yenye mikwaruzo.

Mpigabesi:

Mnaona? Ni haohao! BitiNzito, waandikie uwaeleze, na usisahau kuambatisha picha, kwa kuwa picha wanazipenda mno. Wakuu, nawaomba turudi kwenye mada. Sijapata nafasi yangu mpaka sasa. Nimewajibu kwamba kompyuta haiwaki na haitawaka tena, na nimepokea ujumbe wa mashine unaosema ombi langu limefungwa kwa sababu suluhisho lilishatolewa. Suluhisho lenyewe ni kuiwasha!

KinandaCheusi:

BitiNzito, tatizo lako ni laptopu, si Windows. Mashine ya mezani yenye kebo ya mtandao haina ugonjwa huo, unaitoa Wi-Fi kabisa na leseni inapata intaneti kwa waya.

BitiNzito:

Laptopu nimeinunua ili nirekodi nje ya nyumba. Nitaburuta kebo ya mtandao hadi ukumbini?

FundiMitambo:

Tumia adapta ya USB ya mtandao wakati wa kuzindua programu tu, kisha ichomoe. Baadhi ya plagini huangalia leseni zinapofunguka na haziulizi tena mpaka uzifunge. Na wewe MamaMiksi, kabla hujakizika kifaa chako, tazama nyuma yake kama kina tundu la mwanga la ADAT, linalopitisha sauti kwa kebo ya mwanga.

MamaMiksi:

Yapo mawili, la kuingizia na la kutolea. Sijawahi kuyagusa.

FundiMitambo:

Basi hujakipoteza. Vifaa vingi vya FireWire vinaweza kufanya kazi vyenyewe bila kompyuta, mradi viwe na umeme wake. Tafuta kiolesura kidogo cha USB chenye tundu la kuingizia ADAT, unganisha kebo ya mwanga kutoka kwenye hicho cha zamani, na vikuza sauti vyako vyote 8 vitaingia kwenye kompyuta mpya kwa kilohezi 44.1 au 48. Ukipanda hadi 96, njia zinapungua na kuwa 4. Kwenye kifaa kipya, chagua kwamba kifuate saa ya dijitali (mapigo yanayopanga mwendo wa sampuli) ya kile cha zamani, la sivyo utasikia vipasuko vidogo vidogo katikati ya wimbo na kudhani maikrofoni ni mbovu.

MamaMiksi:

Mwanangu, Mungu akubariki. Sasa hiyo saa inachaguliwa kwa kitufe cha kwenye kifaa, au ni ndani ya programu? Kwa sababu programu ya hicho cha zamani ndiyo hiyo haifunguki tena.

FundiMitambo:

Inategemea kifaa. Vingine vinakumbuka mpangilio wa mwisho uliowekwa, vingine vina kitufe mbele. Kama chako hakina kitufe, tafuta mtu mwenye kompyuta ya zamani yenye FireWire, uweke mpangilio mara moja tu, kisha ukichomoe.

Tarumbeta77:

Mac yangu ya zamani inayo FireWire na bado inawaka kwa shida. MamaMiksi, nitumie ujumbe faragha tupange.