Mjadala: Kipakatalishi au kitabu, kipi kimfikie mwanafunzi kwanza?

Juzi kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwa binti yangu, baba mmoja alisimama akasema tuache kudai vitabu, tudai vipakatalishi, maana kimoja kinabeba maktaba nzima. Akapigiwa makofi. Mimi sikupiga.

Wakenya njia hii tumeshaipita. Mwaka 2013 muungano wa kisiasa wa Jubilee uliahidi kila mtoto wa darasa la kwanza kipakatalishi. Zabuni ya kwanza ikafutwa, na mradi ulipoanza kweli mwaka 2016, vilivyofika shule za msingi vilikuwa vishikwambi, hatimaye zaidi ya milioni moja. Vya shule yetu vimo ndani ya kabati la chuma katika ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, kufuli mbili. Simlaumu, kwani kikiibwa ataulizwa yeye. Nilipoomba kuviona, vingi vilikataa kuwaka. Betri zimekufa na fungu la kuzibadilisha halipo.

Kitabu cha sayansi cha binti yangu, kwa upande wake, kimevalishwa gazeti, pembe zimejikunja, na ndani ya jalada mna majina matatu ya waliokitumia kabla yake. Jioni kinarudi naye nyumbani. Stima ikipotea anakisoma kwa taa ya sola, mdogo wake akichungulia picha begani. Kishikwambi cha shule hakijawahi kulala kwetu hata usiku mmoja.

Hata Uswidi, ambako umeme na intaneti si shida, serikali ilitenga krona milioni 685 mwaka 2023 kununulia shule vitabu, kwa hofu kwamba skrini zinadhoofisha usomaji wa watoto.

Kompyuta ina kazi yake, sikatai. Kwa mtoto asiyeona, programu inayosoma kwa sauti inampa leo kitabu ambacho kwa nukta nundu angekingoja muda mrefu. Huyo aanze na kompyuta, tena haraka.

Wengine waanze na kitabu. Tangu 2018 serikali imekuwa ikivipeleka vitabu moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji hadi shuleni, kwa lengo la kila mtoto kuwa na chake katika kila somo. Mwanangu bado anachangia cha hisabati na wenzake wawili.

Walimu mlio humu, vishikwambi vyenu vilitoka kabatini lini mara ya mwisho? Nanyi mnaotaka vipakatalishi, betri zikifa nani atalipa?