Madalali wa vyombo vya kichina, acheni kutupiga kwa huo muhuri wa kitakoni

Wakuu habari zenu, leo nimeshindwa kunyamaza. Kuna duka la vitu vya kale hapa mjini, jina silitaji, limemuuzia mama yangu mkubwa vesi ya maua kwa hela ndefu eti ya enzi ya mfalme Qianlong wa China, na papo hapo likachukua bakuli la marehemu bibi yetu kwa hela ya mboga kwa sababu "mama hili halina muhuri, halina thamani". Yaani kwa muhuri huohuo wamempiga mara mbili, kwenye kuuza wamempiga na kwenye kununua wamempiga, na juu yake wakampa cheti kimepigwa lamineshen.

Tuanze na vesi. Nimeipindua, kitakoni kuna muhuri mwekundu wa mraba, maandishi ya kichina kweli na jina la Qianlong lipo. Sasa piga picha kwa simu halafu vuta karibu: rangi yote ni vinukta vidogovidogo vimejipanga kama picha ya gazeti. Hiyo ni stika ya kiwandani imechomwa juu ya chombo, hakuna mkono wa mtu uliopita pale. Muhuri ulioandikwa kwa brashi unaona rangi imejikusanya pale brashi ilipotua na imekuwa nyembamba ilipokimbia. Halafu chini ya muhuri kuna sehemu imefifia, haing'ai, ukipitisha ukucha unakwaruza, na ukiinamisha kwenye mwanga unaziona C na H kwa mbali. Wamelisaga neno CHINA! Na wanajua kwa nini wanalisaga, maana sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ndio ilidai bidhaa za nje ziandikwe kwa Kiingereza nchi zilikotoka, kwa hio chombo kilichopigwa CHINA au NIPPON (yaani Japani) kwa herufi za kizungu kitakuwaje cha enzi ya Qianlong, 1736 hadi 1795? NIPPON yenyewe ilikoma 1921 Wamarekani walipotaka iandikwe JAPAN.

Na hata ungekuwa wa mkono, muhuri peke yake hauthibitishi mwaka jamani. Mwaka 1677, mfalme Kangxi akiwa madarakani, mafundi wa Jingdezhen, mji wa China wa kutengeneza vyombo, walikatazwa kuandika jina lake kwenye vyombo, basi wakawa wanaandika jina la mfalme wa zamani Chenghua aliyekufa 1487, au wanachora jani, au wanaacha duara mbili tupu bila neno ndani. Halafu kuelekea mwisho wa miaka ya 1800 mafundi wengine wakaja kujaza jina la Kangxi huyohuyo kwenye vyombo vyao vipya. Sasa mtu anakusomea jina anakwambia "miaka mia tatu hii", na watu wanalipa.

Lakini kinachoniuma hasa ni bakuli. Lilikuwa la buluu na nyeupe, maua yamechorwa harakaharaka, na ndani katikati kuna duara kavu halina glezi (ule utando wa kung'aa kama kioo), kwa sababu tanurini walikuwa wanapanga bakuli juu ya bakuli, wanakwangua glezi pale ili yasigandane. Vyombo vya hivyo vilitoka kusini mwa China, Fujian na jirani zake, vilikuwa vya watu wa kawaida na vya kusafirishwa, na vimefika pwani yetu karne ya 18 na 19. Majina ya wafalme yalikuwa hasa kwa ajili ya vyombo vya ikulu, vilivyokuja huku baharini vingi havikuwa nayo. Kwa hio "halina muhuri" sio kasoro hata kidogo, na mfanyabiashara wa miaka yote hiyo analijua hilo vizuri kuliko mimi. Nendeni Kunduchi, Dar es Salaam, mkaone makaburi ya zamani, vyombo vya kichina vilijengewa ukutani kwa heshima ya marehemu, vingi vimeng'olewa yamebaki mashimo ya duara. Vimeenda wapi? Nani alivinunua?

Tena dukani humohumo kuna sahani wameiandikia "Kichina ya kale" wakati kitakoni ina picha ya sphinx (yule simba wa Misri mwenye kichwa cha mtu) na jina Petrus Regout, Maastricht. Hiyo ni Uholanzi! Ni sahani ya zamani na nzuri, ililetwa huku kuuzwa kwa mababu zetu, ingeuzwa kwa jina lake ingepata mnunuzi, kuna haja gani ya uongo?

Nimempigia mwenye duka, akasema cheti kimetoka kwa mtaalamu. Nikamuuliza mtaalamu gani, jina lake halipo kwenye cheti, akakata simu. Mama mkubwa yuko tayari kumrudishia hela yake yote ya bakuli, naye arudishe hela ya vesi achukue vesi yake. Kama bakuli ameshaliuza aseme kamuuzia nani. Na wewe uliyepewa cheti kama hicho kisicho na jina la aliyekagua, weka picha yake hapa pamoja na picha ya kitako, nazikusanya zote kabla sijaenda polisi.