Naomba ushauri: Mwani unaifunika mimea ya tangi langu la maji baridi

Kidimbwi (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Nina tangi la samaki la maji baridi la lita 120, lenye tetra wadogo na mimea ya aina nne: Anubias, kangaga la Java, Vallisneria na Cryptocoryne. Sakafu yake ni mchanga mtupu usio na udongo wa rutuba chini yake, na tangi lenyewe bado ni jipya, halijatimiza miezi mitatu. Majani ya Anubias yameota vishungi vyeusi kwenye kingo, kioo kinashika utando wa kahawia ambao hurudi muda mfupi baada ya kufutwa, na Cryptocoryne zimeoza karibu majani yote. Taa huwaka saa 12 kwa siku. Sina mtungi wa kaboni dayoksaidi, na mbolea ya maji niliisitisha mwani ulipojitokeza, kwa hoja kwamba kinachoushibisha mmea ndicho kinachoushibisha mwani. Je, nitafute dawa ya kuua mwani, niongeze konokono, au nilibomoe tangi lote na kulipanga upya?

Ukindu

Usilibomoe, ndugu. Tangi lililobomolewa na kuoshwa lote hulazimika kujenga upya bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, na kipindi hicho, ambacho kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6, ndicho mwani hukipenda kuliko kingine chochote. Utakuwa umefanya kazi kubwa ili urudi hapo hapo ulipo.

Anza na taa. Saa 12 ni nyingi mno kwa tangi lisiloongezewa kaboni dayoksaidi, kwa sababu mwanga ndio unaoamua kasi ya usanisinuru, na kasi hiyo ikipanda mmea hudai kaboni na virutubisho kwa kiwango ambacho maji yako hayana. Mmea uliopungukiwa husimama kukua, majani yake huanza kudhoofika, na mwani, ambao hutosheka na kidogo sana, hupata pa kuota. Punguza hadi saa 6 kwa siku, kwa kutumia swichi yenye saa ili usitegemee kumbukumbu, wala usipandishe kuelekea saa 7 au 8 mpaka uone majani mapya yanatoka safi. Kama nguvu ya taa yako inaweza kupunguzwa, ipunguze pia. Angalia vilevile kama jua la dirishani linalipiga tangi, kwani nalo ni mwanga, ingawa wengi hawalihesabu.

Pili, Anubias na kangaga la Java zina shina nene linalolala, ambalo huota mizizi kwa chini na majani kwa juu. Shina hilo likifukiwa mchangani huoza. Lifunge kwa uzi juu ya jiwe au gogo, na mizizi itajishikiza yenyewe. Mimea hii hukua polepole, na kwa kuwa jani moja hukaa miezi mingi, mwani hupata muda wa kutosha wa kulizoea. Ipange kwenye kivuli cha mimea mirefu.

Mbolea irudishe.

Bwawani

Natofautiana na Ukindu katika hilo la mwisho. Mwaka 1973, nchini Kanada, mwanasayansi David Schindler na wenzake waliligawa kwa pazia ziwa dogo linalojulikana kama Ziwa 226. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni, na upande wa pili walitia hizo hizo pamoja na fosforasi. Upande uliopata fosforasi ndio uliogeuka kijani kwa mwani. Ikiwa fosforasi inaweza kulifanya ziwa hivyo, sioni sababu ya kumwambia mwenye lita 120 aimimine kwa hiari yake. Mimi ningeiacha mbolea, ningepunguza chakula cha samaki, na ningebadilisha nusu ya maji kila wiki hadi mwani ufe njaa.

Ukindu

Jaribio hilo ni muhimu, na lilisaidia sana kueleweka kwa nini maziwa mengi yaliharibika, lakini tusilihamishie mahali pasipo pake. Lilihusu hasa mwani unaoelea katika maji ya wazi, ambamo fosforasi ndiyo iliyokuwa pungufu. Katika tangi lililopandwa vizuri kuna mimea mingi inayougombea mlo huo huo, na juu ya hayo, chakula cha samaki chenyewe kina fosforasi, kwa hiyo kila unapowalisha tetra wako umeitia. Mwani huhitaji kiasi kidogo mno kiasi kwamba, katika jaribio la kuushindisha njaa, mimea ndiyo itakayotangulia kufa, kisha majani yake yanayooza yataulisha mwani uliokusudiwa kufa.

Carl Sprengel alieleza mwaka 1828, na Justus von Liebig akaieneza baadaye, kanuni kwamba ukuaji wa mmea huamuliwa na kirutubisho kilicho pungufu kuliko vyote. Naitrojeni ikiisha, mmea hauwezi kuitumia fosforasi iliyopo hata ingekuwa nyingi, na hapo ndipo tangi huwa na chakula kisicho na mlaji isipokuwa mwani. Tom Barr wa Marekani, ambaye mbinu yake ya kutia virutubisho kwa ziada na kisha kubadilisha nusu ya maji kila wiki inajulikana sana kwa watunzaji wa mimea ya majini, amekuwa akishikilia kwamba nitrati na fosfeti peke yake hazileti mwani katika tangi lenye mimea yenye afya. Vipimo vyake kamili, hata hivyo, vililenga matangi yenye mwanga mkali na kaboni dayoksaidi ya mtungi. Kwa tangi kama la mtoa mada sehemu ndogo tu ya vipimo hivyo inatosha, na nitrati ikikaa kati ya miligramu 10 na 20 kwa lita hakuna haja ya kuongeza.

Majani yenyewe yatakuambia kinachokosekana. Ya zamani yakigeuka manjano yote, shuku naitrojeni. Yakitoboka vitundu vidogo vidogo, shuku potasiamu. Majani machanga yakitoka meupe huku mishipa yake ikibaki kijani, chuma ndicho kilichopungua. Vallisneria na Cryptocoryne hula zaidi kwa mizizi, na mchanga mtupu hauna cha kuzipa, hivyo zifukie vidonge vya mbolea karibu na mizizi.

Bwawani

Hoja ya mizizi naikubali. La chakula cha samaki bado nalishikilia: wapewe kile wanachoweza kukimaliza ndani ya dakika 2, na kinachozama bila kuliwa kiondolewe.

Konokono Mzee

Mmejadili chanzo vizuri, ila mtoa mada ana mwani wa aina mbili na kila mmoja una dawa yake.

Utando wa kahawia ni diatomu, ambazo hutumia silika (madini yaliyomo kwenye mchanga na kioo) na huonekana sana katika matangi mapya. Futa kioo, nyonya uchafu kwa mpira wakati wa kubadilisha maji, na uwe na subira, kwani kwa kawaida hupungua zenyewe tangi linapokomaa. Konokono wa jamii ya Neritina huzila kwa bidii. Mayai yao hayaanguliwi katika maji baridi, kwa hiyo hawatakujazia tangi, ingawa vidoa vyao vyeupe juu ya mawe ni kero kwa mtu anayependa unadhifu.

Vishungi vyeusi ni jambo jingine. Huo ni mwani mwekundu, hata kama kwa macho ni mweusi: ukiuloweka kwenye spiriti utaona rangi yake ya kweli. Hupenda majani yanayozeeka, maji yenye mabaki mengi ya kikaboni, na matangi ambayo kiwango cha kaboni dayoksaidi hupanda na kushuka. Konokono wengi huupita bila kuugusa. Majani yaliyoshikwa vibaya yakate kwenye shina, kwa sababu jani la Anubias lililokwisha kufunikwa halirudi kuwa safi. Kwa yale yaliyoguswa kidogo, zima chujio, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, na upulizie haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 moja kwa moja juu ya vishungi, bila kuzidisha mililita 1 kwa kila lita 4 za maji ya tangi kwa siku. Subiri dakika chache, kisha uwashe chujio. Ukiona vishungi vimegeuka vyekundu au vya waridi siku zinazofuata, vimekufa.

Dawa za kuua mwani zenye shaba usizitumie ikiwa una konokono au unafikiria kuwa na uduvi, kwani shaba huwaua. Zile zinazouzwa kama kaboni ya maji, ambazo kiini chake ni glutaraldehaidi, huufifisha mwani huu mweusi, lakini Vallisneria haiistahimili na yako inaweza kuyeyuka yote.

Kidimbwi (mtoa mada)

Nimewaelewa, na shina la Anubias nimelikuta kweli limefukiwa nusu. Ninabaki na maswali mawili. Cryptocoryne zilizobaki vishina tu, je, nizing'oe? Na je, mimea inayoelea juu ya maji ingesaidia, au itaninyima mwanga nilioambiwa niupunguze?

Ukindu

Usizing'oe. Cryptocoryne hupukutisha majani zinapohamishwa au maji yanapobadilika, na mara nyingi zilikuzwa shambani majani yakiwa hewani, hivyo yale ya kwanza hayakuumbwa kuishi chini ya maji. Kama mizizi ni migumu na haijanuka, majani mapya yatatoka kwenye shina lile lile. Ondoa yaliyooza, kwa sababu hutoa amonia, na usiihamishe tena.

Mimea inayoelea, kama Salvinia, ni msaada mkubwa kwako. Huchota kaboni dayoksaidi hewani, hukua upesi, hunyonya amonia na nitrati, na kivuli chake ndicho Anubias inachokitaka. Iache ifunike theluthi moja hivi ya uso wa maji na uvune inayozidi. Inayovunwa ikaushwe au itiwe kwenye mboji; isitupwe mtoni wala mtaroni, kwani Salvinia ni miongoni mwa magugu yaliyoziba maziwa na mito sehemu nyingi za dunia.

Konokono Mzee

Nyongeza moja kuhusu maji ya kubadilishia. Ukiyatoa bombani, tumia dawa ya kuondoa klorini. Klorini ya kawaida hutoka maji yakikaa wazi kwa siku moja, lakini kama maji yenu yametiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hayatasafika kwa kukaa tu. Sponji ya chujio nayo isuguliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi, ili bakteria wako wasioshwe pamoja na matope. Konokono usiwanunue hadi taa imekaa kwenye saa 6 kwa wiki kadhaa, ndipo utajua kama kweli bado unawahitaji.