Mjadala: Mzazi akienda kumuona daktari, mtoto aingie naye au abaki nje?

MamaWawili: Jamani kuna jambo linanikera. Nimeenda kwa daktari na mwanangu wa miaka 3, mapokezi wananiambia watoto hawaruhusiwi, nirudi siku nyingine. Miadi yenyewe nimeisubiri mpaka nimechoka na mtoto sina wa kumwachia. Hivi wana haki ya kunirudisha?

Kigoda: Wana haki. Hospitali sio uwanja wa kuchezea, mtoto anakimbia korido nzima, anashika mpaka boksi la sindano zilizotumika, mama yuko bize na simu. Mwachie baba yake, ni nusu saa tu.

MamaWawili: Umejuaje kama baba yupo? Na simu yangu umeiona wapi wewe?

NesiZamu: Tusigombane. Kuna sababu za kweli, kwa mfano surua, virusi vyake vinabaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani, kwa hiyo mtoto ambaye hajachanjwa anaipata hata kama hajamgusa mtu. Na chumba cha eksirei mtoto haingii kabisa labda apigwe yeye. Ila kumrudisha mgonjwa sio jibu, wengi wakirudishwa hawarudi tena. Mimi nikimpima mama presha namzungushia na mtoto ule mkanda mkononi bila kuujaza upepo, anatulia kimya anasubiri majibu yake.

BabaMlezi: Nimesoma hiyo ya "mwachie baba yake" nikarudia. Mimi ni baba, nalea peke yangu, na mimi nikiumwa nimwachie nani? Mnaongea kama sisi ni wa akiba tu.

Kigoda: Sijamtukana baba yeyote! Nimesema familia isaidiane, basi.

BabaMlezi: Umesema nusu saa. Nusu saa ya wapi, foleni peke yake inakula asubuhi nzima na bosi hataki kusikia habari za mtoto.

Tumaini_T: Mnabishana kuhusu kelele na foleni, mimi nilikuwa huyo mtoto. Nilikuwa na miaka 7, nimekaa kwenye kistuli pembeni, daktari akamueleza mama kuhusu uvimbe kwenye titi akidhani sielewi. Hakuna aliyenigeukia hata kuniambia neno. Usiku nikawa naamka naenda kusikiliza kama mama anapumua. Mama alipona, lakini hofu ile nilikaa nayo mwenyewe.

NesiZamu: Pole sana Tumaini. Ndio maana maongezi kama hayo tunaomba mtu akae na mtoto nje. Na kuna maswali mama hawezi kujibu mtoto akiwepo, ukimuuliza kama anapigwa nyumbani atasema hapana, maana mtoto wa miaka 4 anaenda kurudia kila kitu jioni.

Kigoda: Si ndio nilichosema, wabaki nje!

MamaWawili: Nje na NANI Kigoda? Nesi kasema mtu akae naye, wewe ulisema mwachie baba yake. Wangeniambia pale mapokezi kuna mtu wa kumshika dakika kumi ningeshukuru, ila waliniambia nirudi nyumbani.

BabaMlezi: Na huyo mtu wakimuweka, asiwepo kwa akina mama tu. Mara ya mwisho nilipoomba msaada niliulizwa "mama yake yuko wapi" mbele ya watu wote, mtoto anasikia.